Mguu wa Kushoto wa Kemuma

Kemuma alizaliwa miguu yake ikitazamana. Nyayo zilikuwa zimegeukia ndani, vidole vya huku vikielekea vidole vya kule, na mkunga alipomfunua pale Nyansiongo alimfunika tena upesi, akaomba maji ya kunawa. Mama yake, Mwalimu Persis, akalifunua lile blanketi kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akasema, "Mbona unamfunika? Mtoto huyu hajaiba kitu."

Persis alikuwa mtu wa namna hiyo hata kabla hajapata wa kumkasirikia. Alifundisha darasa la tatu katika shule ambayo zamani ilikuwa ghala la mahindi la mzungu mmoja, kabla mashamba yale hayajakatwa vipande na kugawiwa wananchi. Mumewe, Ratemo, alikuwa amepata kipande chake hukohuko, akafuga ng'ombe wa maziwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda mambo yapite bila makelele. Nyamusi, mama mkwe, yeye alisema waziwazi kwamba katika ukoo wao haijapata kuonekana miguu kama ile, na kwamba atakayetaka kujua imetoka wapi akaulize huko alikotoka mke. Persis alisikia, akaendelea kumenya ndizi. Alijiambia kwamba mtu huchagua vita vyake.

Kemuma akajifunza kutembea kwa kukanyagia ubavu wa nyayo. Ngozi ya pembeni ikawa ngumu kuliko kisigino cha mtu mzima. Wenzake wakikimbilia mtoni yeye alifika wakati wao wanarudi, na mara nyingi walimkuta njiani akicheka, maana alikuwa mtoto wa kucheka, wakampa maji yao anywe kidogo.

Mwaka 1972 akaja Daktari Ombui.

Alikuwa mwana wa hukuhuku, aliyekwenda ng'ambo akasomea mifupa, na badala ya kubaki Nairobi kama wenzake akaja kufanya kazi katika hospitali ya misheni nje kidogo ya mji wa Kisii, njia ya kwenda Suneka. Kilichomwezesha kukaa kijijini ni bima. Serikali ilikuwa imeanzisha bima ya matibabu kwa watu wa mshahara. Kila mwezi mwalimu alikatwa, karani alikatwa, polisi alikatwa, mfanyakazi wa kiwanda cha chai alikatwa. Na mmoja wao au mtoto wake akilazwa, bima ilimlipia kitanda na kumlipa daktari bingwa kwa ubingwa wake. Kwa malipo hayo Ombui aliweza kuwapasua pia watoto wa wakulima ambao hawakuwa na mshahara wa kukatwa. Mtoto wa mwalimu akawa amembeba mtoto wa mkulima, na hakuna aliyelalamika.

Persis alimpeleka Kemuma mwaka uliofuata. Daktari Ombui alimkalisha mtoto mezani, akaishika miguu yake mmoja mmoja, akaipinda polepole huku akimsimulia habari za mbuzi aliyekula kofia ya padri. Kisha akamgeukia mama.

"Nitaanza na wa kulia, Mwalimu. Sitaki kumfunga plasta miguu yote miwili, atakuwa mzigo kwako na atalia. Wa kushoto nitaufanya mwakani, huu ukishapona. Ila usipitishe mwakani. Mfupa wa mtoto ni laini, unakubali kuelekezwa. Ukishakomaa, hakuna namna ila kuukata."

Akaufanya wa kulia. Plasta ilibadilishwa mara kadhaa, na ilipokatwa ya mwisho mguu ulitoka mwembamba na mweupe, umenyooka, vidole vikitazama mbele. Kemuma aliuweka sakafuni, akautazama kama kitu cha mtu mwingine alichoazimwa. Ratemo, mtu asiyelia, alitoka nje kwenda kutafuta nauli ambayo tayari alikuwa nayo mfukoni. Hata Nyamusi alipouona aliushika kwa mikono yote miwili, na tangu siku hiyo hakutaja tena ukoo wa mtu.

Likizo ya Agosti mwaka 1974 Persis alirudi Kisii na mtoto kwa ajili ya mguu wa pili.

Alijua kwamba kuna jambo kabla hajafika dirishani. Veranda ilikuwa imejaa akina mama na watoto wao: mwenye goti lililokunjamana kwa moto, mwenye mgongo uliopinda, mwenye mguu mwembamba wa polio, lakini hapakuwa na foleni. Watu walikuwa wameketi tu, kama watu wa msibani waliochoka kulia. Karani wa dirishani, kijana mmoja aitwaye Omwenga, hakuinua macho.

"Mwalimu, mambo ya mifupa yamesimama."

"Yamesimama vipi?"

"Bima wamepunguza malipo. Tangu Machi hawalipi daktari bingwa. Wanalipa kama daktari wa kawaida tu, na upasuaji ambao si wa dharura huku mashambani hawaulipi kabisa. Hospitali haiwezi. Daktari anaondoka wiki hii."

Persis alisimama pale, amemshika Kemuma mkono. "Na yale makato ya mshahara wangu," aliuliza, "nayo yamepunguzwa?"

Omwenga akainua macho sasa. "Hayo hayajaguswa, Mwalimu. Hata mimi nakatwa."

Kulikuwa na kitu kilichoanza kuchemka ndani ya Persis, wala hakikuwa cha ghafla. Kilipanda taratibu kama maziwa jikoni. Alimwacha Omwenga akiendelea kusema, akapita korido nzima, akausukuma mlango wa Daktari Ombui bila kubisha. Alimkuta akipanga vitabu ndani ya sanduku.

"Kumbe ni kweli," alisema Persis.

Ombui aliweka kitabu chini. Alikuwa amekonda. "Ni kweli, Mwalimu. Karibu uketi."

"Sikuja kuketi. Ulisema nisipitishe mwakani. Mwakani ndio huu."

"Najua."

"Ulisema mfupa unakomaa."

"Nilisema, na unakomaa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sikiliza. Nimeandika barua, nimekwenda Nairobi mara ngapi sijui, nimesimama mbele ya watu wameketi. Wanasema madaktari bingwa wanakula fedha nyingi za mfuko. Nikawaambia, njooni muone ninachokula. Hakuna aliyekuja. Hospitali haijanilipa tangu mvua za kwanza. Nina watoto, Mwalimu. Nimepata kazi Nairobi, hospitali ya watu binafsi."

"Huko utakuwa ukinyoosha miguu ya nani?"

Kemuma alikuwa amejisogeza hadi kwenye sanduku, akawa anapapasa jalada la kitabu lenye picha ya mifupa ya mkono. Ombui alimtazama mtoto, akatazama mguu wake wa kushoto, na Persis akaona jinsi macho yake yalivyokwenda moja kwa moja kwenye kifundo na kukaa pale, kama fundi anavyotazama kazi aliyoiacha nusu.

"Kesho asubuhi," Ombui alisema ghafla. "Nitamfanyia kesho asubuhi, bila malipo. Asile kitu. Asinywe hata chai."

Akina mama wa verandani wangemeza mate kwa neno hilo. Persis aliwafikiria, akajua kwamba amelipata kwa sababu ni mwalimu, kwa sababu anajua kusukuma mlango na kusema. Akasema, "Asante, Daktari," na akapita mbele yao akielekea kwenye malazi ya wageni bila kumtazama hata mmoja usoni. Aibu hiyo nayo aliiweka kwenye hesabu ya watu wa bima.

Asubuhi Kemuma aliamka na njaa, akaambiwa avumilie. Alivumilia. Walimvisha gauni la hospitali lililomfika vidoleni, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu, wakamsukuma hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Persis aliruhusiwa kufika hapo. Kwa kioo cha mlango alimwona Daktari Ombui ameshaosha mikono, ameinua viwiko, maji yakimchuruzika.

Ndipo akaja Bwana Nyamongo, katibu wa hospitali, tai shingoni, mzee wa kanisa mwenye sauti ya chini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtia Persis uchungu baadaye. Alimwita Ombui mlangoni.

"Daktari, huyu mtoto ameandikwa kwa amri ya nani?"

"Yangu."

"Wewe unaondoka Ijumaa. Nani atamtazama kidonda Jumatatu? Plasta ya kwanza nani ataibadilisha? Jambo likienda vibaya mezani nitamwambia nani alipe, nitamwambia nani ajibu? Bima hawamtambui. Ukianza kazi ambayo hakuna wa kuimaliza, utamlemaza zaidi."

Ombui alisimama na mikono yake imeinuliwa. Maji yalikuwa yamekauka.

"Mfanyie, Daktari," Persis alisema. "Kidonda nitakitazama mimi."

"Anasema kweli, Mwalimu," Ombui alisema kwa sauti ya mtu anayejilazimisha. "Mguu huu si wa siku moja. Usipofungwa upya kwa mkono unaojua, utarudi ulivyokuwa, au vibaya zaidi."

"Ulilijua hilo jana uliponiambia nisimpe mtoto chai?"

Nesi alianza kukigeuza kitanda.

"Mikono umeshaosha," Persis alimwambia. "Umesimama hapo na mikono safi. Basi ishushe, uende Nairobi."

Kemuma, aliyekuwa amelala kimya muda wote huo, akauliza kama sasa anaweza kupewa chai.

Persis alirudi Nyansiongo akiwa mtu mwingine. Ratemo alisikiliza habari yote akiwa amesimama zizini, kisha akasema watafute njia, wasali, huenda serikali itabadili nia. Wazee wa kanisa walikuja Sabato jioni wakaimba wimbo na kumwambia asiache hasira ikae moyoni. Persis aliwapa uji. Walipomaliza kunywa akawauliza, kwa adabu, ni wapi basi waliona inafaa hasira hiyo ikae, maana yeye angependa kuihamishia huko mara moja. Wazee wakaaga.

Novemba ikatangazwa baraza Nyamira. Afisa wa bima angetoka Nairobi kuja kuzungumza na wakulima wa chai, kwa sababu sasa mlango ulikuwa umefunguliwa: si watu wa mshahara peke yao, hata mkulima angeweza kujiandikisha kwa hiari na kulipa. Chifu alipita akiwahimiza watu waende. Ratemo aliposikia alimtazama mkewe, akaona uso wake, akasema, "Persis, nakuomba. Wewe ni mfanyakazi wa serikali."

"Mimi ni mfanyakazi wa serikali," alikubali. "Ndiyo maana ninakwenda."

Ukumbi ulikuwa umejaa. D.O., mkuu wa tarafa, alikaa katikati ya meza, makoti ya wakubwa yakining'inia nyuma yake. Afisa wa Nairobi alikuwa kijana mtanashati, mwenye Kiswahili kizuri cha kutiririka, na alizungumza kama anayesoma redioni. Aliwaambia wakulima kwamba ugonjwa haupigi hodi. Aliwaambia kwamba kwa mchango mdogo tu mtu atalala usingizi, akijua kwamba akiugua, yeye au mtoto wake, yuko mtu wa kumlipia. Watu walitikisa vichwa kukubali. Makarani wawili walikuwa wameketi pembeni, tayari kuandika majina, na wakulima kadhaa walikuwa wameshasimama karibu nao.

"Kuna swali?" aliuliza D.O., akiangalia saa.

Persis alikuwa amekaa nyuma. Alisimama, akambeba Kemuma, mtoto wa miaka sita sasa, mzito, akapita naye katikati ya watu hadi mbele, akamsimamisha juu ya meza, katikati ya glasi za maji za wakubwa. Akamvua viatu. Kimoja kilikuwa cha kawaida. Kingine kilikuwa kimeliwa upande mmoja hadi ngozi ikapasuka.

"Mimi ni Mwalimu Persis wa Nyansiongo. Nakatwa bima kila mwezi tangu ilipoanza, sijakosa. Bwana Afisa, mguu huu wa kulia mliulipia. Tazama. Umenyooka. Huu wa kushoto mmekataa kuulipia. Nakuuliza swali moja. Mlihesabu mtoto mmoja, au wawili?"

Afisa alitabasamu kidogo. "Mama, naelewa hisia zako. Lakini mfuko una mipaka. Madaktari bingwa walikuwa wakidai malipo makubwa, ikabidi—"

"Daktari bingwa alikuwa mmoja. Mmoja, kwa wilaya nzima. Alikuwa Kisii, sasa yuko Nairobi anawatibu wenye magari. Mmebana fedha gani?"

"Mama, kuna utaratibu wa kuleta malalamiko—"

"Usiniite mama. Mimi ni mama wa huyu. Kwako wewe mimi ni mtu anayekatwa. Kama hamna daktari wa kunipa, acheni mshahara wangu. Kama mnautaka mshahara wangu, nirudishieni daktari. Mnachukua huku kwa mkono huu, na huku mnafunga mlango kwa mkono ule, halafu mnakuja na makarani kutafuta wengine!"

"Mwalimu, keti," alisema D.O.

"Nimeketi vya kutosha, Bwana D.O. Niliwapita verandani akina mama ambao watoto wao mtawaona mkipita njia ya Suneka, maana wamerudishwa nyumbani wanatambaa."

D.O. alimwashiria askari. Lakini kabla askari hajafika mbele, mzee mmoja aitwaye Nyangate, mkulima wa chai mwenye sauti nene, aliyekuwa wa kwanza kabisa mbele ya makarani, akageuka akavaa kofia yake.

"Mimi nilikuja kujiandikisha," alisema kwa utulivu. "Nilitaka kuuliza kama bei ni ya miguu miwili au mmoja. Naona nimejibiwa." Akatoka nje. Watu wakacheka, kicheko kibaya, kisha wakaanza kumfuata, viti vikikwaruza sakafu, hadi makarani wakabaki na kalamu zao mkononi.

Jioni ile, waliposhuka basi wakielekea nyumbani, Persis alikuwa akitembea kwa kasi, damu bado inamchemka, akisikia maneno yake mwenyewe yakijirudia kichwani na akiyapenda. Kemuma alikuwa nyuma yake. Baada ya mwendo mrefu mtoto akasema, "Mama, kwa nini ulinivua viatu?"

"Ili waone."

"Watu wote?"

Persis alisimama. Kemuma alikuwa amekaza kidevu, na hakuwa anacheka. Ilimjia Persis kwamba mtoto huyu, aliyekuwa akicheka na kila mtu njia ya mtoni, hakuwa amecheka tangu wameondoka mezani pale. Alimbeba mgongoni hadi nyumbani.

Haikupita muda hedimasta akamwita ofisini, akafunga mlango, akazungumza huku akitazama dirisha. Amri imetoka juu. Amehamishwa, shule moja mbele ya Suneka, upande wa pili kabisa wa wilaya. Kuna watu walitaka aachishwe kazi kwa uchochezi, hedimasta alisema, yeye akawasihi. Persis alimshukuru kwa kusihi. Ratemo hakuweza kuacha ng'ombe na shamba. Persis alipofunga mizigo alimngojea aseme kwamba alimwonya. Hakusema. Alipandisha godoro juu ya basi, akalifunga kamba kwa nguvu kupita kiasi, akasema, "Ungenyamaza wangekukata mshahara na ungebaki hapa. Sasa wanakukata mshahara na uko mbali. Lakini nimesikia Nyangate anawaambia watu sokoni kwamba mke wangu hana mchezo." Akakaza fundo lingine. "Nilifurahi. Nilidhani nitaona haya, nikafurahi."

Nyumba ya kupanga karibu na Suneka ilikuwa na vyumba viwili na mgomba mmoja nyuma. Kemuma alianza shule hapo. Watoto wapya walimpa jina la utani ambalo hakumwambia mama yake. Malipo ya madaktari bingwa hayakurudi mwaka 1975, wala mwaka uliofuata. Pale misheni wadi ya mifupa ikawekwa magunia ya unga wa msaada. Na Persis, kila mwisho wa mwezi, akipokea mshahara alitazama mahali palipoandikwa makato, akahisi mkono wa mtu ndani ya mfuko wake mchana kweupe.

Jumapili moja mwaka 1976 gari dogo la bluu lilisimama nje. Alishuka Daktari Ombui, amenenepa, mvi zimeanza masikioni. Persis alikuwa akianika nguo. Alimtambua, akaendelea kuanika.

"Mwalimu, habari za siku nyingi."

"Za siku nyingi hizo unazozisema," alijibu Persis, "mguu umekuwa ukikomaa."

Hakumwambia aketi. Daktari alisimama juani na viatu vyake vizuri, akasema alichokuja kusema: kwamba hajasahau, kwamba ameomba hospitali yake imruhusu kutibu wagonjwa wachache kwa mwaka bila ada yake, na imekubali baada ya kumzungusha, kwamba kitanda na dawa watalipia wao wenyewe, lakini yeye mwenyewe hatachukua kitu, na watakaa kwa dada yake muda wote wa plasta.

"Wachache," Persis alirudia. "Wale wa verandani ulishawatafuta?"

"Baadhi. Wengine sikuwapata."

"Yule wa goti lililoungua?"

Ombui alitikisa kichwa. "Alishakufa. Kichomi, wameniambia. Hakuwa anatoka ndani."

Persis aliangusha shati ndani ya beseni. Angetaka kumpiga kwa lile shati la maji. Angetaka kumpiga katibu, na afisa mwenye sauti ya redio, na mtu yule asiyejulikana aliyekaa mezani Nairobi na kusema, kata hapa. Lakini aliyekuwa mbele yake ni huyu mmoja, aliyerudi, na wale wengine wote hawakurudi.

Kemuma akatokea mlangoni na kigoda. Aliweka kigoda mbele ya daktari bila kumwuliza mama yake, kisha akaketi chini, akatoa mguu wake wa kushoto mbele. Ombui aliinama. Aliupapasa kwa muda mrefu.

"Itauma?" Kemuma aliuliza.

"Itauma."

"Utakuwa kama huu mwingine?"

Persis akamwona daktari akitafuta maneno ya kumpaka mtoto mafuta, kisha akaona ameyaacha. "Hapana. Ungekuwa kama huo mwingine kama ningeufanya wakati ule. Sasa lazima nikate mfupa. Utakanyaga chini vizuri, utavaa viatu. Lakini utakuwa mfupi kuliko mwenzake, na kifundo hakitakunjika. Utachechemea."

Kemuma akamgeukia mama yake. "Halafu utanipeleka kwenye mikutano?"

"La," Persis alisema. "Mguu ni wako. Sitamwonyesha mtu."

"Basi twende."

Ratemo aliuza mitamba wawili kulipia kitanda na dawa, akawasindikiza mkewe na mtoto hadi Nairobi, akaketi nje ya chumba cha upasuaji na kofia magotini. Kazi ilifanyika vizuri, na ikawa kama daktari alivyosema. Kemuma alirudi Suneka anakanyaga kwa wayo mzima, mguu wa kushoto mdogo na mgumu, anachechemea. Alikimbia, kwa namna yake. Siku Ombui alipowaaga alimpa Persis mkono, na Persis akaupokea. Hakumwambia asante. Alikuwa amejaribu neno hilo mdomoni tangu asubuhi na kila mara lilimjia na lile shati la maji, na mtoto wa goti, na mikono iliyoinuliwa. Ombui, kwa heshima yake, hakulingojea.

Habari zilitembea, kama zinavyotembea. Mwaka uliofuata, siku ya soko, mwanamke mmoja aitwaye Esnah alikuja shuleni akamngojea Persis chini ya paa la jiko. Mumewe alikuwa askari wa kiwanda cha chai, anakatwa kila mwezi, na binti yao alikuwa na jicho linalofunikwa na weupe. Walikwenda ofisi ya bima Kisii wakaambiwa bingwa wa macho hayumo kwenye malipo. Wakarudishwa.

"Nimesikia wewe unajua kuzungumza nao," Esnah alisema. "Mimi Kiswahili changu ni cha sokoni. Wakinijibu kwa haraka napotea."

"Mimi niliongea nao nikahamishwa," Persis alimwambia. "Na sikupata nilichotaka. Ulisikia hilo pia?"

"Nilisikia."

"Mtoto yuko wapi?"

"Nimemwacha nyumbani."

"Vizuri. Abaki huko."

Walikwenda Jumatatu, kwa ruhusa ambayo Persis aliomba bila kueleza. Karani wa ofisi aliwasikiliza nusu, akafunga kitabu, akasema mkubwa hayupo, warudi wiki ijayo, au ile nyingine. Persis alivuta benchi lililokuwa ukutani, akaliweka katikati ya chumba, mbele ya meza kabisa, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kupita bila kuwazunguka. Akakaa. Akampigia Esnah benchi kwa kiganja, akae naye.

"Mama, nimesema hayupo," karani alisema.

"Nimesikia. Na mimi nakatwa, na mume wa huyu anakatwa. Benchi hili tumelinunua sisi," alisema Persis, akafungua mfuko, akatoa madaftari ya darasa la tatu na kalamu nyekundu, akaanza kusahihisha.